Kigumba, Uti na Manyoya: Jinsi Mshale wa Kuwindia Unavyochaguliwa

Mshale wa kuwindia huchaguliwa kuanzia mwisho wa safari yake. Kwanza hutazamwa mnyama atakayepigwa, kisha jeraha linaloweza kumwangusha upesi, kisha kigumba cha kufanya jeraha hilo. Uti, manyoya na upinde hufuata baadaye, kwa kuwa kazi yake ni kukifikisha kigumba mwilini. Anayekwenda kinyume, akanunua upinde wenye nguvu ndipo atafute mshale wowote unaoingia kwenye uzi, hupata mshale unaopendeza kwenye shabaha ya majani makavu lakini unaogota kwenye ubavu wa mnyama.

Mpangilio huo ni mmoja kwa Mwefe wa msitu wa Ituri, kwa Mhadzabe wa bonde la Eyasi nchini Tanzania, na kwa mwindaji wa Marekani mwenye upinde wa kapi. Wanachotofautiana ni mnyama, mwitu na vifaa vilivyo karibu. Misitu ya Walikale na milima ya Masisi, katika Kivu Kaskazini, inaonyesha vizuri jinsi mambo hayo matatu yanavyoamua umbo la mshale.

Mnyama na mwitu wake

Kulungu wa Ulaya na Amerika, yule mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka, hana makao ya asili kusini mwa Sahara. Barani Afrika jamii yake iko kaskazini tu, katika misitu kama ya Aljeria na Tunisia. Katika misitu ya Kongo nafasi hiyo imeshikwa na funo wa aina mbalimbali: wanyama wenye kichwa kilichoinama mbele, miguu mifupi na vipembe vilivyolala nyuma, umbile linalowawezesha kupenya vichaka bila kunaswa.

Mdogo wao ni mboloko, mwenye uzito wa kilo 4 hadi 6. Funo mwenye paji jeusi, anayependa maeneo ya majimaji na misitu ya milimani, hufika kilo 14 hadi 18. Mkubwa kuliko wote, yule mwenye mgongo wa manjano, anaweza kuwa na kilo 45 hadi 80. Kandokando ya msitu, karibu na mashamba, huonekana pongo, ambaye dume lake hukaribia uzito wa kulungu mdogo wa Marekani.

Ukubwa wa mnyama ndio unaopanga ukubwa wa shabaha. Kwa kulungu mwenye mkia mweupe wa Amerika, eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 hivi au zaidi kidogo. Kwa mboloko, eneo hilo halizidi kiganja cha mkono. Mshale wa mboloko unahitaji kulenga vizuri kuliko kuwa mzito, kwa sababu mbavu zake ni nyembamba na ngozi ni laini. Mshale wa funo mkubwa au wa pongo unahitaji uzito wa kupita kwenye misuli na pengine kwenye mfupa wa bega.

Mwitu nao una masharti yake. Teritwari ya Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ni msitu mzito wa nyanda za chini. Humo macho hayafiki mbali, na nafasi ya kurusha mara nyingi haizidi mita 15 au 20, tena katikati ya matawi na kamba za msituni. Masisi ni nchi ya milima, mashamba na malisho ya ng'ombe, na msitu wake umebaki vipande vipande. Mwindaji wa mahali pa wazi humwona mnyama kwa mbali na kushawishika kurusha kwa mbali. Wa msituni hupewa sekunde moja au mbili, kwa karibu. Upinde mfupi wa Waefe, ambao hauzidi mita moja kwa urefu na mara nyingi hufungwa uzi wa ufito uliopasuliwa, ulitokana na hali hiyo, kama vile upinde mrefu wa Wahadzabe, unaokaribia mita mbili, ulivyotokana na nchi ya vichaka vikavu na uwazi.

Si kila jamii ya msituni iliutegemea mshale kwa kiwango kimoja. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyeishi na Wanyanga wa Walikale katika miaka ya 1950, alikuta mitego na uwindaji wa mbwa vikiwa na nafasi kubwa katika maisha yao. Bambuti, yaani Mbilikimo waliokaa nao, ndio waliosifika kwa uwindaji wa ndani kabisa ya msitu. Katika utenzi wa Wanyanga wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, shujaa anapotamani nyama ya nguruwe mwitu, wanaotumwa kuitafuta ni Bambuti wake.

Jinsi mshale unavyoua

Risasi huua kwa kishindo na kwa kupasua. Mshale hauna nguvu hiyo. Huua kwa kukata. Kigumba kikipita kwenye mapafu yote mawili, au kwenye moyo na mishipa mikubwa iliyo juu yake, damu hutoka kwa wingi, mapafu hunywea, na mnyama hupoteza fahamu baada ya sekunde chache, mara nyingi akiwa amekimbia umbali mfupi. Kikipita tumboni, mnyama huweza kwenda mbali na kuteseka kwa saa nyingi.

Makali ya kigumba ni sehemu ya mauaji yenyewe. Makali safi huacha mishipa ikiwa imekatwa wazi, na damu huchelewa kuganda. Makali butu husukuma mishipa pembeni au kuirarua, na nyama iliyoraruka huanza kugandisha damu upesi. Mshale unaoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili huleta faida nyingine: matundu mawili hutoa damu nyingi ardhini, hasa lile la chini, na msituni damu kwenye majani huwa ndiyo njia pekee ya kumfuata mnyama aliyekimbia.

Upande anaosimama mnyama una uzito uleule wa makali. Nafasi nzuri ni anaposimama ubavu, au anapokuwa ameelekea mbele kidogo ili mshale uingie nyuma ya mbavu na kuelekea kwenye bega la upande wa pili. Mnyama anayemkabili mwindaji uso kwa uso, au aliyempa mgongo, ameficha moyo na mapafu nyuma ya mifupa na matumbo. Hakuna kigumba kinachorekebisha nafasi mbaya ya kurushia.

Kuchagua kigumba

Vigumba vya kuwindia hugawanyika katika makundi makuu matatu. La kwanza ni vyenye makali yasiyosogea, vya kipande kimoja cha chuma. La pili ni vyenye nyembe zinazobadilishwa zikishaisha makali. La tatu ni vya kufunguka, ambavyo nyembe zake hulala wakati wa kuruka na kufunuka vinapogusa mwili.

Kigumba cha kipande kimoja chenye makali mawili ndicho kongwe na ndicho rahisi kunoa. Huanza kukata tangu ncha yake inapogusa ngozi, kwa hiyo hakipotezi nguvu nyingi kuingia. Howard Hill, mpiga upinde wa Marekani aliyetengeneza filamu ya uwindaji katika Kongo ya Wabelgiji iliyotolewa mwaka 1952, alipendelea kigumba ambacho urefu wake ni mara tatu ya upana wake. Sababu ni ya kimaumbile: kadiri makali yanavyopanda polepole kutoka kwenye ncha, ndivyo yanavyohitaji nguvu kidogo kupenya. Kigumba kifupi na kipana hufungua jeraha kubwa zaidi, lakini huchosha mshale mapema.

Vigumba vya nyembe tatu au nne hufanya tundu ambalo halifungiki kwa urahisi, na huacha damu nyingi njiani. Upana wa kawaida wa vile visivyosogea ni milimita 25 hadi 32. Vya kufunguka hufika milimita 38 hadi 50, na huruka sawasawa na mshale wa mazoezi kwa sababu nyembe zimelala hazishiki upepo. Gharama yake ni nguvu: sehemu ya nguvu ya mshale hutumika kufunua nyembe, na nyembe ndefu nyembamba zinaweza kupinda zikikuta mfupa. Kwa hiyo vya kufunguka huwafaa wenye upinde mkali na mnyama wa wastani. Kwa upinde wa mti, au kwa mnyama mwenye mifupa mizito, kigumba kisichosogea ndicho cha kuaminika.

Waefe hutumia mantiki hiyohiyo. Kwa funo hubeba mishale yenye vigumba vya chuma, na katika uwindaji wa pamoja, aliouchunguza Hideaki Terashima wa Japani, wapiga upinde huzunguka kipande cha msitu huku mbwa wenye njuga wakiwatoa wanyama vichakani. Mnyama huwa wa mwenye mshale wa kwanza kumpata, kisha nyama hugawanywa. Kwa nyani na kima walio juu ya miti hutumia kijiti kilichochongwa ncha na kutiwa sumu, bila chuma. Chuma hakipotezwi kwenye mshale unaoweza kunasa kileleni mwa mti.

Wahadzabe nao hubeba aina kadhaa kwa pamoja. Mshale wa ncha ya mti ni wa ndege na wanyama wadogo. Mshale wa kigumba kipana chenye umbo la jani, usio na sumu, ni wa kukata. Mshale wa kigumba chembamba chenye sumu ni wa wanyama wakubwa. Vigumba hivyo hufuliwa kwa misumari inayopondwa ikiwa baridi kwenye jiwe mpaka ikalala bapa, kisha kingo zake husuguliwa zikawa wembe.

Meno yanayotazama nyuma ni jambo la kupima. Ni ya kale katika eneo hili: huko Katanda na Ishango, kwenye mto Semliki katika Kivu Kaskazini, wachimbaji wa mambo ya kale walipata ncha za mifupa zenye meno, na zile za Katanda zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 90,000. Zile zilikuwa za kuvulia samaki, na kwa samaki meno ni ya lazima ili asichomoke. Kwa mshale wenye sumu pia yanafaa, kwa kuwa kigumba lazima kikae mwilini. Kwa mshale wa kukata hayana faida: huuzuia kupita, na mnyama aliyejeruhiwa vibaya hubaki na chuma mwilini. Ndiyo sababu baadhi ya nchi zinazoruhusu uwindaji wa upinde huyakataza.

Kwamba chuma chenye makali kinatosha bila sumu kulionyeshwa mwaka 1925, pale Saxton Pope na Arthur Young walipokuja Tanganyika kutoka Marekani wakawinda simba kwa pinde ndefu, huku mwenzao Stewart Edward White akisimama na bunduki kuwalinda.

Uti: ugumu wake na kupinda kwake

Uzi unapoachiliwa, mshale hausogei mbele ukiwa umenyooka. Nguvu inausukuma nyuma huku uzito wa kigumba ukiuzuia mbele, na uti hupinda katikati, ukauzunguka mti wa upinde, kisha ukapinda upande wa pili, na kuendelea kutikisika hivyo mpaka manyoya yautulize. Uti laini mno hupinda kupita kiasi. Mgumu mno haupindi vya kutosha na hugonga upinde. Wote wawili hufika kwa upande, na mshale unaofika kwa upande huingia kidogo tu hata ukiwa na kigumba kikali.

Viwanda hupima ugumu huo kwa njia ambayo hata fundi wa kijijini anaweza kuifanya. Uti hulazwa juu ya vishikio viwili vilivyoachana kwa sentimita 71, kisha uzito wa gramu 880 huning'inizwa katikati. Kiasi uti unavyozama ndicho kipimo. Uti ulioandikwa 500 huzama milimita 12.7, ulioandikwa 400 huzama milimita 10.2, yaani ni mgumu zaidi. Kadiri upinde unavyokuwa na nguvu, ndivyo namba inavyotakiwa kuwa ndogo. Urefu nao unaingia: uti mrefu hupinda kuliko mfupi wa aina ileile, na kigumba kizito huufanya ufanye kazi kama uti laini. Anayebadilisha kigumba cha gramu 6.5 akaweka cha gramu 13 amebadilisha mshale mzima, na hana budi kuujaribu upya.

Kwa vitu vya kutengenezea, kaboni ni nyepesi, ngumu, na hurudi kwenye unyofu wake baada ya kupinda. Alumini huwa sawasawa kutoka mshale mmoja hadi mwingine, lakini ikipinda hubaki imepinda. Mti una uzito mzuri na hausikiki sana, ila hunywa maji, na katika msitu wa mvua mshale ulionyooka asubuhi unaweza kuwa na kombo jioni. Hapo ndipo ujuzi wa mikono unapohitajika. Mhadzabe hushika kijiti juu ya moto mpaka kipate joto, hukiuma kwa meno mahali penye kombo, hukisukuma taratibu kwa mikono miwili, kisha huinua ncha moja mbele ya jicho na kuangalia urefu wote. Kombo likibaki, kijiti hurudi motoni. Kazi hiyo hurudiwa kila mshale unapoonyesha dalili ya kupinda.

Unene wa uti ukilinganishwa na shingo ya kigumba una athari kuliko inavyodhaniwa. Uti mwembamba kuliko shingo hupita kwenye tundu lililokwisha kufunguliwa bila kusuguana sana na nyama. Uti mnene kuliko shingo husimama kama kizuizi.

Uzito na mizani

Wauzaji wa pinde hutangaza kasi. Kwa kuwinda, uzito ni mshauri bora. Nguvu ya mwendo wa mshale hutokana na nusu ya uzito ikizidishwa kwa kasi mara kasi. Msukumo wake ni uzito ukizidishwa kwa kasi. Chukua mfano wa upinde mmoja wa kapi. Mshale wa gramu 27 ukitoka kwa mita 80 kwa sekunde hubeba nguvu ya jouli 86 na msukumo wa 2.16. Mshale wa gramu 40 ukitoka kwenye upinde huohuo kwa mita 67 kwa sekunde hubeba jouli 90 na msukumo wa 2.68. Nguvu imekaribiana, lakini msukumo umepanda kwa karibu robo, na msukumo ndio unaousaidia mshale kuendelea kusonga ndani ya mwili baada ya kukutana na kizuizi.

Hasara ya uzito ni kushuka. Kwa umbali wa mita 40, mshale mzito katika mfano huu hushuka zaidi ya mwepesi kwa nusu mita hivi. Kwa mita 15 tofauti ni sentimita 7 tu. Kwa hiyo mwindaji wa msitu kama wa Walikale hapotezi kitu cha maana kwa kubeba mshale mzito, na anapata utulivu zaidi, kwa kuwa upinde hutoa sauti ndogo unaporusha uzito mkubwa. Sauti si jambo dogo. Inasafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo kwa umbali wa mita 20 humfikia mnyama kabla ya sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde kupita, ilhali mshale wa kasi hufika baada ya robo ya sekunde. Katika muda huo mnyama mwepesi huinama ili aruke, na mshale uliolengwa moyoni hupita juu ya mgongo.

Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale kwa wanyama wa Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, alipanga mambo yanayosaidia mshale kupenya. La kwanza alilotaja ni mshale kutovunjika wala kigumba kutopinda. La pili ni kuruka ukiwa umenyooka. La tatu ni uzito kuwa mbele. Kwa mifupa mizito alipendekeza mshale wa greni 650 au zaidi, sawa na gramu 42. Namibia, nchi iliyoruhusu uwindaji wa upinde katika miaka ya 1990, iliweka viwango kwa kufuata ukubwa wa mnyama: kwa mnyama mdogo mshale usipungue gramu 23, kwa wa kati gramu 26, kwa mkubwa gramu 29, na kila daraja na nguvu yake ya chini.

Uzito kuwa mbele hupimwa bila mashine. Mshale wenye kigumba chake huwekwa juu ya kidole au ukingo wa rula mpaka ulale sawa, kisha mahali hapo pa mizani hulinganishwa na nusu ya urefu. Mshale wa sentimita 75 una nusu yake kwenye 37.5. Ukitulia sentimita 46.5 kutoka nyuma, mizani imesogea mbele kwa sentimita 9, yaani asilimia 12 ya urefu. Kati ya asilimia 10 na 15 hutosha kwa kuwinda. Zaidi ya hapo mshale hupenya vizuri lakini huinamisha kichwa mapema ukirushwa mbali.

Manyoya

Manyoya huvuta sehemu ya nyuma ya mshale ili mbele ibaki mbele. Kigumba kipana kisichosogea hushika upepo na kutaka kuuongoza mshale chenyewe, kwa hiyo huhitaji manyoya makubwa, matatu au manne, yaliyobandikwa kwa kujipinda kidogo ili mshale uzunguke. Manyoya ya ndege hulala yanapogusa upinde na kusimama tena, jambo linalowafaa wenye upinde wa mti. Ya plastiki hayajali mvua, lakini yakigonga upinde huutupa mshale pembeni. Yanafaa zaidi kwenye upinde wa kapi ambao una kishikio cha mshale.

Katika msitu wa mvua, manyoya yaliyolowa hulala na kupoteza kazi. Waefe wana jibu la karibu: kwa mishale yao midogo ya ncha ya mti hupasua nyuma ya kijiti na kupenyeza kipande cha jani. Jani halidumu, lakini umbali ni mfupi na jani jipya liko hatua moja tu. Wahadzabe, kwenye nchi kavu, hutumia manyoya ya kanga na ya tai, yakifungwa kwa nyuzi za mishipa ya wanyama.

Mishale ya sumu

Pale ambapo upinde ni dhaifu kwa mnyama au kigumba ni kidogo, watu wa Afrika Mashariki na ya Kati walitegemea sumu ya mimea. Wawaata wa nyika ya Tsavo, nchini Kenya, waliangusha tembo kwa pinde kubwa na sumu ya msunguti. Wahadzabe hutumia mimea mingine, na Waefe wana yao kwa ajili ya kima. Sumu nyingi kati ya hizo hushambulia moyo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kiini cha mti wa jamii ya msunguti kutoka pwani ya Somalia, na kutoka kwenye mimea ya sumu za mishale ya Zambezi alizozikuta John Kirk, msafiri mwenza wa Livingstone, kulipatikana dawa ya moyo iliyotumika hospitalini kwa miaka mingi.

Mshale wa sumu hujengwa tofauti. Kigumba ni chembamba, chenye shingo ndefu ya kushikilia sumu, na hutenganishwa na uti ili mnyama akikimbia uti uanguke na kigumba kibaki. Sumu hufungwa kwa ukanda wa ngozi isikauke wala isimguse mwenyewe, kwani mkwaruzo mmoja kwenye podo unatosha kumuua mtu. Nyama huliwa baada ya kukata sehemu inayozunguka jeraha, kwa sababu sumu za aina hii hazifyonzwi vizuri zikipitia tumboni. Hata hivyo hakuna kipimo cha usalama, na sheria za nchi nyingi zimeikataza njia hii kabisa.

Kukagua kabla ya kurusha

Mshale uliochaguliwa vizuri huharibiwa na uzembe. Kigumba kipya kutoka kwenye pakiti si lazima kiwe kikali. Kipimo rahisi ni kunyoosha uzi wa mpira na kuugusa kwa makali bila kusukuma: makali mazuri huukata mara moja, yanayoteleza yanahitaji tupa na jiwe la kunolea. Kutu, hasa katika unyevu wa msituni, hula makali kwa siku chache, kwa hiyo kigumba hupakwa mafuta kidogo.

Kigumba lazima kikae katika mstari mmoja na uti. Mshale husimamishwa kwa ncha juu ya kitu kigumu na kuzungushwa kwa vidole kama pia. Ukitikisika shingoni, kigumba kimekaa upande. Uti wa kaboni hupindwa polepole karibu na sikio, na ukilia au kuonyesha ufa hutupwa, kwa sababu uti unaopasuka wakati wa kurusha huweza kupenya mkono wa mrushaji. Mwisho, mazoezi ya siku za karibu na uwindaji hufanywa kwa vigumba vilevile vitakavyotumika. Mshale wa ncha ya mazoezi na mshale wa kigumba kipana haiangukii mahali pamoja mpaka uti na upinde vipatanishwe.

Sheria

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uwindaji unasimamiwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayotaka kibali na kuheshimu majira, na inayokataza sumu na moto. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda hifadhi zenyewe. Nyanda za chini za Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, zinaingia Walikale, na ndani yake hakuna mshale wala mtego unaoruhusiwa. Batwa, Mbilikimo wa eneo la hifadhi hiyo waliotolewa humo, walipoteza misitu waliyowinda, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki za watu hao juu ya ardhi na mali asili walizozoea kutumia, ingawa utekelezaji wake ndani ya hifadhi bado unabishaniwa.

Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania na Namibia huuruhusu kwa leseni na kwa wanyama waliotajwa. Mwindaji wa nchi yoyote anapaswa kujua kabla ya kununua hata kigumba kimoja iwapo upinde unakubaliwa pale anapoishi, kwa mnyama gani, kwa uzito gani wa mshale, na kama meno ya nyuma yameruhusiwa. Majibu ya maswali hayo huondoa nusu ya vigumba vilivyoko dukani, na vinavyobaki huchaguliwa kwa ukali, uimara na upatanifu wake na uti.